Oa Mwalimu, Ana Likizo

Juzi tulikwenda koito, yaani posa, ya mpwa wangu, nyumbani kwa akina binti, si mbali na hapa Boito. Wazee walipoelewana kuhusu ng'ombe, wakaanza kumsifu bibi harusi mtarajiwa. Ana heshima. Si mvivu. Hata majani chai anachuma. Kisha mzee mmoja wa upande wetu akaweka kikombe chini, akasafisha koo, akatoa sifa ambayo kwake ilifunga mjadala: "Na isitoshe, ni mwalimu. Mwalimu ana likizo."

Watu wakaafiki kwa vichwa. Hata mimi, kwa mazoea, nikatikisa changu, halafu nikaona haya.

Kauli hiyo nimekua nayo. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba alipokea bonasi ya majani mwezi wa Oktoba akaigawa mafungu mawili: moja mbolea, moja chuo cha ualimu. Mimi nilitaka kusomea upimaji wa ardhi. Baba akasema mpima ardhi hulala porini, mwalimu hulala kwake, na kila baada ya miezi mitatu serikali humrudisha kwa watoto wake. Hakuwa mjinga. Aliamini tu kile ambacho Konoin nzima inaamini, na Bureti, na hata ng'ambo ya pili kule Kisii: kwamba ualimu ndiyo kazi iliyoumbwa kwa ajili ya mtu mwenye familia, hasa mwanamke. Naipinga imani hiyo. Ningeinyamazia kama ingebaki kwenye koito, lakini siku hizi imepanda ndege.

Msichana wa hapa akienda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, watu humwombea. Akienda nesi, wanamhurumia kwa zamu za usiku. Akienda mwalimu, wanachinja kuku. "Afadhali yeye," wanasema, "shule zikifungwa si atakuja?" Mimi nilichinjiwa kuku huyo mwaka 2019. Nilikuwa nimefundisha shule za binafsi miaka tisa nikingoja TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, inikumbuke, na ndipo nikapata kazi ya mwalimu msaidizi katika shule moja ya Emirati ambayo sitaitaja. Niliacha binti wa darasa la nne, mvulana wa gredi ya kwanza, mume ambaye ni dereva wa lori la majani, na mama mkwe ambaye hakuulizwa kama bado ana nguvu za kulea.

Mkataba wangu ulikuwa na mshahara, kitanda katika nyumba ya walimu wanawake, bima, na tiketi moja ya kwenda na kurudi kila mwaka, shule zikifungwa. Nilipousoma nikaona kile alichokiona baba: shule zikifungwa. Sikujiuliza ni shule zipi.

Huko mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha mapema Julai. Likizo ndefu ni Julai na Agosti, kwa sababu ya joto. Hapa kwetu Julai ndiyo katikati ya muhula wa pili. Mvua inanyesha, watoto wako darasani, na aliye bweni huwezi kumwona mpaka siku ya kutembelewa. Likizo yetu ya Agosti ni wiki mbili au tatu, na ikifika katikati, mwalimu wa Ghuba anapanga tena masanduku. Disemba likizo zinakutana kidogo, lakini tiketi ya Disemba ni ya mfuko wako mwenyewe, na msimu huo bei hupaa.

Hebu nihesabu. Mwaka 2020 Kenya ilifunga shule katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na wengi wa wanafunzi hawakurudi mpaka Januari 2021. Huo ndio mwaka ambao wanangu walikuwa nyumbani mchana na usiku kwa zaidi ya miezi tisa, na ndio mwaka ambao sikuja kabisa: ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Machi zikarejea Agosti mosi, na sikutaka kukwama huku kazi ikianza kule. Nilikuwa chumbani, kompyuta mapajani, nikiwafundisha watoto wa watu kutamka herufi kwenye skrini, mama zao wamekaa kando yao. Mwaka 2021 nilikuja mapema Julai. Serikali ilikuwa inafidia muda uliopotea, kwa hiyo muhula ukaisha Julai 16 na mwaka mpya wa masomo ukaanza Julai 26. Likizo nzima ilikuwa wiki moja, na siku ya mwisho mimi mwenyewe ndiye niliyebeba sanduku la binti yangu kumrudisha bweni. Mwaka 2022 nilibahatika: shule zilifungwa mwanzoni mwa Agosti kupisha uchaguzi, nikapata kama wiki mbili ambazo sikuzitegemea. Raila na Ruto walinipa siku nyingi za wanangu kuliko mkataba wangu.

Mtu ataniambia: lakini kuna simu. Kweli, kuna simu. Ila Emirati simu za WhatsApp hazipiti. Ujumbe unapita, sauti haipiti. Watu hutumia Botim. Kwa hiyo ilibidi mama mkwe aache kabambe yake, anunuliwe simu ya kupangusa, awekewe programu hiyo, kisha afundishwe kuishika mbali na sikio ili nione sura. Alikuwa akiishika juu ya kichwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza niliongea na mabati. Kule saa iko mbele yetu kwa saa moja tu, na ungedhani hilo ni jambo dogo, ila ile saa ya jioni ambayo mtoto amemaliza kula na bado hajalala ndiyo saa niliyokuwa na marundo ya madaftari na andalio la somo la kesho, ambalo mkuu wa idara alitaka liwe mezani kabla ya saa moja asubuhi. Mara nyingi nilipokea simu nikiwa nasahihisha. Mtoto anajua. Hata kwenye skrini, mtoto anajua macho yako yako wapi.

Muhula wa tatu wa mwaka ule wa kwanza, mwalimu wa mvulana wangu aliagiza kila mtoto alete picha ya familia iliyochapishwa. Mtaala huu mpya hupenda kuwatuma wazazi, na mzazi aliyekuwepo ni kogo, nyanya yao, wa miaka sabini hivi. Akapanda boda na wajukuu wake wawili mpaka Mogogosiek kwa kijana wa saiba. Picha ya pamoja haikuwepo, kwa hiyo kijana akawapiga picha wale watatu waliokuwepo, kisha akachukua ile picha yangu ndogo ya WhatsApp, akaibandika kwenye kona ya juu. Nilitumiwa. Nilikuwa kwenye familia yangu kama stempu kwenye bahasha.

Sasa nieleze la Julai 2021, kwa sababu ndilo lililonitoa kwenye imani hii moja kwa moja. Ilikuwa jioni ambayo binti alirudi kutoka bweni. Tulikaa mezani, ugali, mboga, mursik. Binti alitaka kuongezewa maziwa. Akanyoosha kidole. Alinyoosha kidole kama anavyonyoosha darasani, mkono wima, akinitazama. Na mimi, bila kufikiri, nikamwelekezea kidole changu nikasema, "Ndiyo, wewe." Baba yao alicheka. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka akammiminia mtoto maziwa, bila neno.

Usiku ule nilijilaumu, kisha nikaacha. Mtu anayetumia subira yake yote kwa watoto thelathini wa watu wengine, tangu alfajiri mpaka jioni, miezi kumi mfululizo, haiachii sauti ya darasani uwanja wa ndege. Likizo inampa siku. Ile subira haiwezi kumrudishia. Wiki za kwanza nililala. Zilizofuata nilizungushwa kwa jamaa wenye shida za karo. Za mwisho nilianza kuzoea mlio wa mvua, na ikawa karibu kuondoka.

Msiniambie haya ni ya Ghuba tu. Mwalimu aliyebaki nchini naye likizo yake ameibiwa muda mrefu. Mafunzo ya mtaala wa umilisi yalifanywa likizoni. Kusahihisha KCSE ni likizoni, na anayekwenda hukaa kambini majuma kadhaa, mbali na kwake. Tena kuanzia 2018 TSC iliwatoa walimu katika kaunti zao, wakuu wa shule hasa, ikawatawanya. Hapa kwetu niliwaona: mwalimu amepanga chumba kimoja sokoni, amening'iniza suti ukutani, mke yuko kaunti nyingine akifundisha, watoto wako kaunti ya tatu kwa nyanya yao. Alikuwa mgeni katika nchi yake. Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja mwaka 2022 kutaka sera hiyo iondolewe, na kilio kikubwa kuhusu sera hiyo hakikuwa cha likizo. Kilikuwa cha ndoa. Na wale walimu waliopanda basi Mandera alfajiri ya Novemba 22, 2014, likashambuliwa na Al-Shabaab na watu 28 wakauawa, wengi wao walikuwa wakienda nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa.

Turudi Emirati, maana ushahidi wangu mkubwa ulikaa dawati la pili kutoka langu. Alikuwa Mwingereza, mwalimu wa darasa nililolisaidia. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko yangu: ripoti, wazazi wenye simu zisizolala, ukaguzi. Likizo zetu zilianza na kuisha siku ile ile. Lakini mkataba wake ulikuwa na nyumba ya familia na nafasi za shule kwa watoto wake wawili, palepale. Saa tisa na nusu watoto wake walikuja kukaa chini ya dawati lake wakila biskuti huku yeye akimalizia kazi. Alikuwa amechoka kuliko mimi, akiwafokea wakati mwingine, lakini hakuna mtoto wake aliyemnyooshea kidole kuomba maziwa. Tofauti yetu ilikuwa kitanda cha mtoto kiko nyumba gani. Yeye akiitwa eksipati, mimi nikiwekwa kwenye fungu la wafanyakazi wengine. Kisheria hata mimi ningeweza kuwaleta wangu: Emirati huruhusu mfanyakazi kudhamini familia akiwa na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 akiwa na makazi. Kwenye karatasi nilifika. Lakini kitanda katika chumba cha walimu watatu si makazi ya familia, na karo ya watoto wawili ingekula mshahara wote na kubakia na njaa.

Wala mzazi kutengana na watoto kwa sababu ya kazi si jambo geni. Wamisionari walifungua shule ya bweni ya Rift Valley Academy mwaka 1906, wakaijenga Kijabe, na St Andrew's ya Turi ilianzishwa 1931 kwa ajili ya watoto wa wazungu wa bara. Waliowatuma watoto kule walijua wanawatuma. Hakuna aliyewadanganya kwamba kazi yao imeumbwa kwa ajili ya familia.

Pesa siikatai, na asije mtu kuniwekea maneno mdomoni. Tuna tangi la maji. Tuna nyumba ya matofali. Tumeongeza robo tatu ya ekari ya chai, na mbolea inalipwa bila kungoja bonasi, ambayo upande wetu huu wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa tunaililia kila Oktoba tukilinganisha na wenzetu wa mashariki. Mume wangu akiniuliza kama ningekwenda tena, labda ningekwenda. Nilirudi Agosti 2023 kwa sababu binti alikuwa kundi la mwisho la KCPE, na nilitaka kuwa nyumbani asubuhi ya mtihani wake. Ninachokataa ni kumfariji mtu kwa likizo, kwa sababu faraja hiyo inamzuia kuuliza maswali mawili ya maana: watoto watalala wapi, na kalenda ya kule inaoana na ya huku kwa siku ngapi. Mwajiri haulizwi. Wakala haulizwi, maana yeye hutaja mshahara kwanza na kwa dirhamu, akijua utauzidisha kwa shilingi kabla hujafika aya ya pili. Wazee hawaulizi, wanachinja kuku. Na tukizoea kusema mwalimu ana likizo, mwalimu akichoka tunamwona mdhaifu. Watoto wakimsahau tunasema hakujipanga.

Pale koito, chai ilipokuwa inaandaliwa, binti yule aliniita kando, nyuma ya jiko. Ni mwanagenzi wa sekondari msingi, posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, mwaka wa pili sasa. "Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "nimepata ya nje. Bado sijamwambia yeyote." Mkataba ulikuwa kwenye simu. Nikavaa miwani. Mshahara mzuri, sikumficha. Makazi ya pamoja. Bima. Tiketi moja kwa mwaka, shule zikifungwa.

"Shule zipi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama sijui kusoma. Kisha akachukua simu, akaanza kuipandisha kurasa kwa kidole gumba, akarudi mwanzo, akapandisha tena. Alikuwa bado anatafuta tulipoitwa ndani.