Mungu Hakusaini Mkataba Huo

Kuna msemo unaozunguka makanisani kwetu Kigera, na sidhani kama majirani zetu wa Nyasho, Bweri na Makoko wamenusurika: "Wewe itunze kazi ya Mungu, Mungu ataitunza familia yako." Mchungaji wa vijana huambiwa siku anaposimikwa. Mkewe hukumbushwa siku anapothubutu kulalamika. Na anayeusema huitikiwa "Amina" kabla hajamaliza sentensi.

Msemo huu ni uongo. Biblia haiufundishi, haulipi kanisa faida, na ukiwachunguza wanaoupenda zaidi utagundua kwamba haujawahi kuwagharimu hata nauli ya bodaboda.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wako wanaodhani ni kushika kipaza sauti na kurukaruka madhabahuni. Jumatano ni mazoezi ya kwaya, na sehemu kubwa ya mazoezi ni kusuluhisha ugomvi kati ya sauti ya tatu na mpiga kinanda. Ijumaa mkesha. Jumamosi asubuhi usafi wa kanisa, mchana mechi, jioni kikao cha kongamano la Pasaka ambalo fedha zake hazijulikani zitatoka wapi. Jumapili ibada, kisha darasa la ubatizo, kisha kikao kingine. Katikati ya hayo kuna kijana aliyekamatwa na pikipiki isiyo na bima, mtu aende kituoni. Kuna binti aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba, mtu ampe pa kulala.

Na pa kulala ni kwa mchungaji. Ingia sebuleni kwake uone. Sare za kwaya zimekunjwa juu ya makochi, kwa hiyo wageni wanakaa kwenye mkeka. Nyuma ya mlango imesimama spika kubwa ya kanisa, kwa sababu stoo ya kanisa inavuja. Kwenye soketi moja zimening'inia simu tano za vijana wanaochaji. Jikoni, mama wa nyumba anaongeza maji kwenye mchuzi wa dagaa, kwa sababu waliosongewa ugali ni wanne na walionawa mikono ni tisa.

Sina neno na kazi hiyo. Ni kazi njema, na vijana wengi wa mji huu wasingefika walipo bila sebule za namna hiyo. Neno langu ni kwa wale wanaomfundisha mtu huyu kwamba Mungu ameingia naye mkataba: wewe lea watoto wa wenzako, mimi nitalea wako.

Mkataba huo una mistari yake ya kuungwa mkono. Tutasomewa Luka 14, pale Bwana anaposema juu ya kumchukia baba, mama, mke na watoto. Tutasomewa Mathayo 6, tutafute ufalme kwanza. Sawa, tusome. Lakini tukishafungua kitabu tusikifunge mapema. Katika Marko 7, Yesu huyohuyo anawashambulia walimu wa dini kwa jambo moja: walimruhusu mtu atangaze kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ameiweka wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo asiwape kitu. Waliliita Korbani. Yesu hakuwasifu kwa kujitoa kwao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sasa kuna tofauti gani kati ya fedha iliyowekwa wakfu hata mama asiipate, na jioni iliyowekwa wakfu hata mtoto asiipate?

Paulo naye hakumung'unya maneno. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo anauliza mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Sura mbili mbele anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Na Eli, kuhani wa Shilo, alikuwa kazini muda wote. Wanawe waliiharibu nyumba na hekalu kwa pamoja, na Mungu hakumwambia, "Usijali, uliitunza kazi yangu." Alimhukumu kwa kuwa alijua na hakuwazuia.

Anayetaka kuona mwisho wa mkataba huu kwa mtu wa karne iliyopita, amtazame Bob Pierce, mwinjilisti Mmarekani aliyeanzisha shirika la World Vision mwaka 1950. Shirika hilo hapa Tanzania halihitaji utambulisho. Pierce aliwalilia watoto wa Korea na China kwa machozi ya kweli, na alikuwa akisema waziwazi kwamba amekubaliana na Mungu: yeye awatunze wanakondoo wa Mungu ng'ambo, Mungu awatunze wake nyumbani. Mwaka 1968 binti yake mmoja alijiua. Pierce na mkewe waliishia kuishi mbalimbali. Sababu za mtu kujiua ni nyingi, na hakuna anayepaswa kumbebesha marehemu baba huyo mzigo wote. Ila binti yake mwingine aliandika kitabu juu ya familia hiyo, na hakuna anayeweza kukisoma akasema upande wa pili wa makubaliano ulikuwa umesainiwa. Watoto wa Korea walipata mlezi. Watoto wa Pierce walimkosa baba.

Tena sisi wa Kigera tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na msemo huu. Tunaishi kando ya ziwa. Tunajua maana ya baba asiyekuwepo kwa sababu ya heshima. Mvuvi anafuata dagaa hadi Rukuba, anahamia visiwa vya Ukerewe, anakaa huko miezi, na hakuna anayemlaumu, maana anatafuta. Fedha zinatumwa, au hazitumwi. Watoto wanakua wakijibu kila mgeni sentensi moja: "Baba yuko visiwani." Wengi wa vijana wanaojaa kwenye ibada zetu za vijana ndio watoto hao. Hawakukosa mahubiri. Walichokosa ni kumwona mwanaume mzima akiwa nyumbani jioni, akiuliza daftari la hesabu liko wapi, akimpokea mkewe ndoo, akiomba radhi alipokosea.

Sasa wanakuja kwa mchungaji wao wa vijana. Hapa ndipo wangepata kuona kitu kipya. Wanabisha hodi, mtoto anatoka, anawaamkia, wanamuuliza baba yuko wapi. "Baba yuko kanisani."

Jumatatu yuko kanisani, Alhamisi yuko kanisani. Kijana wa watu ameshaelewa somo, hata kama halikuandikwa ubaoni: mwanaume wa kweli hukaa mbali na nyumba yake, ili mradi awe na sababu ya heshima. Baba yake alikuwa na ziwa, mchungaji ana madhabahu. Naye akioa atatafuta sababu yake. Tunafanya semina za ndoa na uchumba kila mwaka, tunakodi mwalimu kutoka Mwanza, tunachapisha fulana, halafu somo lote linabatilishwa na mtoto mmoja mlangoni.

Kuna jambo jingine, nalo linawahusu hasa Waprotestanti wenzangu. Kilomita chache kutoka hapa iko misheni ya Nyegina, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911, alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943. Mapadri wake hawakuoa. Unaweza kubishana na mpango huo ukipenda, lakini ni mpango mnyoofu: kanisa linataka maisha yako yote, kwa hiyo linakwambia usianzishe nyumba. Wamenoni walipoingia Shirati mwaka 1934 walifuata njia nyingine. Watangulizi wao walikuja mume na mke, akina Stauffer na akina Mosemann, na nyumba ikawa sehemu ya utume. Huo nao ni mpango mnyoofu.

Sisi tumebuni wa tatu. Kijana asiye na mke hatumwamini, tunasema atatuharibia mabinti, aoe haraka. Akishaoa tunataka aishi kama padri. Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 7, alilisema wazi: asiyeoa hujishughulisha na mambo ya Bwana, aliyeoa hujishughulisha pia na namna ya kumpendeza mkewe. Aliyaona hayo kama hali halisi ya aliyeoa, wala hakuyaita dhambi. Sisi tunayaita kupoa kiroho.

Na kama mtu bado anaamini kwamba Mungu hulinda nyumba ya mtumishi asiyekuwepo, aniambie kwa nini ulinzi huo hauwafikii wanawake. Maana wapo akina mama wanaoongoza vijana, tena vizuri. Mama akiacha watoto usiku mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mkesha, wale wale waliokuwa wakiitikia "Amina" watamwita pembeni: "Mama, usije ukaibomoa nyumba yako kwa mikono yako." Kumbe wanajua. Wanajua kabisa kwamba mtoto huhitaji mzazi na kwamba maombi hayasimamii kazi ya shule. Wanalijua hilo mtumishi akivaa gauni, wanalisahau akivaa suti.

Kwa nini basi msemo umedumu? Kwa sababu ni nafuu. Kanisa lenye mchungaji wa vijana anayeamini kwamba familia yake inatunzwa na Mungu halina haja ya kumpa mshahara wa kutunza familia. Tunachangishana milioni kadhaa kwa ajili ya kinanda, na ahadi zinalipwa. Likija suala la posho ya mtumishi tunaambiwa yeye hatumikii fedha. Tunamwita "anayejitolea" ilhali tunampangia zamu, tunamdai ripoti na tunamkaripia akichelewa.

Nchi hii ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Iliowaacha nje ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Makanisa hayamo kwenye orodha hiyo. Aibu yetu ni kwamba Bunge la Dodoma limempa mfanyakazi siku ya kupumzika, na sisi wenye amri ya Sabato tumemnyang'anya. Hata dagaa wana likizo: mbalamwezi ikiwa pevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inavutwa mchangani, na wavuvi wanashona nyavu na kukaa na wake zao. Mchungaji wa vijana hana mwezi.

Najua nitakachojibiwa: kuna roho zinapotea, huu si wakati wa kukaa nyumbani. Musa naye alidhani hivyo. Kila semina ya uongozi hutufundisha Kutoka 18, jinsi Yethro alivyomwona mkwewe akiamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, akamshauri agawe kazi kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Wahubiri huanzia katikati ya sura. Warudi mwanzo. Yethro hakuja kutoa ushauri wa uongozi. Alikuja kumrudishia Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa wakikaa kwa babu yao. Kesho yake ndipo mzee alipoona kwa nini nyumba ya binti yake iko hivyo, akasema hapana, unachofanya si chema. Ushauri maarufu kuliko wote wa kugawa kazi ulitolewa na baba mkwe aliyekuja na wajukuu mkononi. Na roho za Israeli hazikupotea kwa sababu Musa alipata wasaidizi.

Aliyebeba wokovu wa ulimwengu wote hakutumia kazi yake kama udhuru. Yohana 19 inasema akiwa msalabani, pumzi zikimwishia, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Kama mtu mmoja duniani alikuwa na haki ya kusema Mungu atamwangalia mama yangu, ni yeye. Hakusema. Alimtafutia mtu na nyumba.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, kikao kijacho ajenda ya kwanza isiwe kongamano la Pasaka. Iwe mkataba wa kweli wa mchungaji wenu wa vijana, ulioandikwa: analipwa kiasi gani, siku gani anapumzika, mkesha ni mara ngapi kwa mwezi, na nani anashika simu siku asipokuwepo. Mkewe aitwe kwenye kikao hicho aulizwe, asipewe soda tu. Spika ihamie kwa mzee mwenye nyumba kubwa. Vijana wanaolala kwa mchungaji wagawanywe kwenye nyumba zetu sisi wote tunaoimba kwamba kanisa ni familia.

Na wewe mchungaji wa vijana, siku yako ya mapumziko ikifika, atakuja mtu mwenye nia njema akukumbushe kwamba ukiitunza kazi ya Mungu, Mungu ataitunza familia yako. Mwambie ni kweli anaitunza, na aliyemtuma kuitunza ni wewe.