Kinyume cha "Mbichi" ni Nini?

Yamkini mwanao ameleta nyumbani daftari lake la Kiswahili, na ndani yake mna zoezi la vinyume vya maneno. Zoezi hilo huonekana jepesi: mrefu na mfupi, usiku na mchana, cheka na lia. Hebu basi muulize swali moja dogo: kinyume cha "mbichi" ni nini?

Mtoto wa Mikumi aliyezoea kutumwa kuni atajibu upesi, "Kavu." Mwenzake, ambaye wazazi wake huuza ndizi kando ya barabara kuu iendayo Iringa, atasema, "Mbivu." Wa tatu, aliyemsaidia mama yake kukata nyama jikoni, atasema, "Iliyopikwa." Wote watatu wamesema kweli. Lakini iwapo msahihishaji ana jibu moja tu, wawili watatiwa alama ya kosa, nao watajifunza kwamba yale wayajuayo ya nyumbani hayana thamani darasani. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama moja iliyopotea.

Hapana budi, basi, neno liulizwe likiwa ndani ya sentensi. Kisu kikali, kinyume chake ni kisu butu. Mbwa mkali, kinyume chake ni mbwa mpole. Barabara nyembamba ni kinyume cha barabara pana, lakini mtu mwembamba ni kinyume cha mtu mnene.

Tena, mtoto asichanganye kinyume na ukanusho. Barabara hiyo kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na humo madereva hutakiwa kwenda polepole kwa ajili ya wanyama. Ukisema, "Gari haliendi kasi," je, umesema kwamba laenda polepole? La! Huenda limesimama. "Kasi" kinyume chake ni "polepole". "Haliendi kasi" ni kukana tu.

Kiswahili chetu kina hazina nyingine katika vitenzi. Funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Sauti "u" ikiingia mwishoni, tendo lililotendwa hutenguliwa. Utaratibu huu wapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo mzazi azungumzaye Kividunda, Kisagara au Kikaguru nyumbani na atafute mifano katika lugha yake, amwonyeshe mtoto. Lakini mtoto aonywe pia kwamba si kila kitenzi chenye umbo hilo ni kinyume cha kingine: "nunua" kinyume chake ni "uza", wala hakuna tendo la "nuna" linalotenguliwa kwa kununua.

Mzazi hahitaji kitabu ili kufundisha haya. Mtoto akunjapo nguo, afungapo mlango, apakiapo mzigo, mwulize tendo la kuutengua utendaji wake. Akijibu tofauti na ulivyotazamia, usimkatize. Mwambie, "Tunga sentensi." Sentensi ikikubali, jibu limekubalika, isipokubali, mtoto mwenyewe atalisikia kosa lake kabla hujalitaja. Mtoto wa namna hiyo hakukariri orodha, bali ameanza kuipima lugha kwa akili yake mwenyewe.