Mtiririko wa kazi ni sarufi kabla ya kuwa mashine

Katika Kitivo chetu cha Lugha kuna wazo lililozoeleka kwamba mambo ya kompyuta ni ya wenzetu wa politekniki, na kwamba sisi tutaitwa mwishoni kusahihisha tahajia. Wakati huohuo makampuni, benki na forodha zinahamisha kazi kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mitiririko ya kidijitali: ombi linaandikwa kwenye skrini, linapita lenyewe kutoka biro hadi biro, na jibu linarudi kwa simu. Ninadai kwamba kazi hiyo ni ya lugha kwanza. Tukiiacha, wengine watachagua maneno ambayo watu wetu watahukumiwa kwayo.

Tuchukue mfano mdogo. Kantini ya mgodi inanunua unga wa mahindi. Ununuzi huo una karatasi tatu: boni ya kuagiza, bordero ya mapokezi na fakitire. Programu ya malipo hulinganisha hizo tatu. Zikikubaliana, malipo yanatoka bila mtu kuyagusa, zisipokubaliana, yanasimama. Sasa boni inasema "gunia 40", mtunza depo ameandika "kilo 1000", na muuzaji ameandika "mifuko 40". Mtunza depo wa Lubumbashi anajua kwamba gunia hilo ni la kilo 25, na kwamba hesabu zote tatu ni moja. Programu haijui, mpaka mtu aiambie. Mama aliyetoa unga kwa mkopo anangojea fedha ambazo hakuna aliyekataa kumlipa. Kosa hapo si la umeme wala la mtandao. Ni la istilahi.

Tuangalie pia kitufe kinachoandikwa kwa Kifaransa "Valider". Mkuu wa biro akikibonyeza, amesema nini? Kwamba ameiona dosye? Kwamba ameikagua na kuiona sahihi? Au kwamba ameruhusu fedha zitoke? Kiswahili kina vitenzi tofauti kwa hatua hizo: kupokea, kuthibitisha, kuidhinisha. Anayeandika mtiririko kwa Kiswahili analazimika kuchagua, na akichagua, wajibu wa kila mtu unaonekana. Siku fedha zikipotea, tofauti kati ya "nilithibitisha" na "niliidhinisha" ndiyo tofauti kati ya shahidi na mshtakiwa.

Wapo watakaosema: basi watafsiri tu wanatosha. Hawatoshi, kwa sababu programu nyingi hutunga ujumbe kwa kuunganisha vipande: jina la kitu, kisha neno "refusé". Kwa Kiswahili kipande hicho cha pili hakiwezi kukaa kimoja. Ombi limekataliwa, malipo yamekataliwa, cheti kimekataliwa, fakitire imekataliwa. Ngeli lazima ijulikane kabla sentensi haijatungwa, yaani wakati programu inapobuniwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kitivo chetu anaweza kumweleza jambo hili mwanaprogramu kwa dakika kumi. Bila maelezo hayo, mwanaprogramu atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ngumu kwa mashine, na ataacha Kifaransa peke yake.

Na Kifaransa kikibaki peke yake, nani anaumia? Forodha zetu hutumia Sydonia, mfumo uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Mfumo huo unaweza kugawa mizigo kwa njia za rangi: kijani inapita, njano inakaguliwa hati, nyekundu inafunguliwa na kutazamwa. Huo ni utaratibu mzuri, kwani unapunguza nafasi ya mtu mmoja kuamua kwa matakwa yake. Lakini mfanyabiashara wa Kasumbalesa asiyesoma Kifaransa hawezi kujua kwa nini mzigo wake umesimama mpaka amlipe mtu wa kumsomea. Mashine imemwondoa mpatanishi mmoja, lugha imemrudisha mwingine.

Hatari ya kuamini mashine kuliko mtu si hadithi. Nchini Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi zaidi ya 900 wa vituo vidogo vya posta walipatikana na hatia ya wizi na udanganyifu wa hesabu, wengi wao kwa ushahidi wa Horizon, mfumo wa hesabu uliokuwa na kasoro. Waliposema kwamba fedha hazijapotea, hawakusikilizwa, kwa maana mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa isipokuwa pawepo sababu ya kuitilia shaka. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 ili kufuta hukumu hizo. Watu hao walikuwa wanasoma Kiingereza, lugha ya mfumo wenyewe. Je, atajitetea vipi yule ambaye hata ujumbe unaomshtaki hawezi kuusoma?

Kuna pingamizi la haki: umeme unakatika, mtandao unayumba, na vijana wanaogopa kwamba mitiririko hii itawanyang'anya kazi za biro. Sikatai. Kazi ya kubeba dosye kutoka mlango hadi mlango itapungua. Lakini itaongezeka kazi ya kueleza taratibu: nani anafanya nini, baada ya nani, kwa sharti gani, na nini kitokee asipojibu. Hizo ni sentensi za "iwapo", "isipokuwa" na "mpaka". Ni nani aliyefundishwa kuzichambua kuliko sisi?

Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa Serikali wajibu wa kuzikuza bila ubaguzi. Kukuza lugha si kuisifu siku za sherehe tu. Ni kuiweka mahali ambapo ombi linakubaliwa au kukataliwa.

Basi ninapendekeza mambo mawili. Walimu wetu wakubali, kama kazi ya mwisho wa masomo, uandishi wa utaratibu mmoja halisi kwa Kiswahili: malipo ya muuzaji, likizo ya mfanyakazi, ombi la hati ya matokeo. Na wanafunzi wa politekniki waalikwe kuuweka katika mashine pamoja nasi, ili kila upande uone pale sentensi ya mwenzake inapovunjika. Tuanze na hati za kitivo hiki hiki: dosye ni zetu, foleni ni yetu, na wa kuulizwa wako karibu.