Ndoana na Pepopunda Deltani

Mvuvi wa delta ya Rufiji akichomwa na ndoana huing'oa mwenyewe, huifyonza damu na kuitema majini, kisha huendelea na kazi. Tumelizoea jambo hilo hata tunaliita ushujaa. Sisi hatukubaliani nalo.

Ndoana ya dhulumati si sindano ya cherehani. Karibu na ncha yake pana kijino kilichogeukia nyuma. Hicho ndicho kimshikacho samaki, na ndicho kinachochana nyama ya mtu aivutaye kurudi ilikoingilia. Ikizama mkononi kupita kijino, hutiwa ganzi, husukumwa mbele hata ncha itokeze, kijino hukatwa kwa koleo, ndipo shina lirudishwe nyuma. Hiyo ni kazi ya mganga wa zahanati. Iliyoingia jichoni isiguswe kabisa. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe hospitali. Lakini kutoka visiwani hadi Nyamisati ni safari ya kungojea maji yajae, na mkondo ukikauka mgonjwa hukaa kama gunia la kaa.

Hata hivyo, hofu yetu kubwa ni pepopunda. Wengi hudhani kutu ndiyo iletayo ugonjwa huu. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na tundu jembamba lenye kina, lisilopata hewa, ndiyo nyumba vinayoipenda. Nchini mwetu chanjo ya pepopunda hupewa watoto wachanga na akina mama wajawazito, nasi tunaipongeza Serikali kwa hilo. Je, mwanamume wa miaka 40 anayetega dhulumati Simba Uranga? Kinga ya utotoni, kama aliipata, hufifia isipoongezwa.

Tunawaomba wakuu wa afya wa Wilaya ya Kibiti: wahudumu wanapovuka kwenda visiwani kuchanja watoto, wachukue na chanjo za wavuvi. Maofisa wa uvuvi nao, wanapouliza leseni na kupima matundu ya nyavu (ni haki yao), waulize pia kama chomboni mna koleo, sabuni na maji safi ya kuoshea kidonda.

Nao wavuvi wasikae kungoja. Dhulumati ikikunjwa, kila ndoana ichomekwe ukingoni mwa kapu kwa mpangilio, isirundikwe sakafuni mwa chombo ambamo watu hukanyaga pekupeku. Anayefunga ndoana nyumbani azichomeke kwenye kipande cha boya au ndala kuukuu, mbali na watoto. Tumewaona wanaozibana midomoni huku mikono ikikaza fundo. Meno yana kazi nyingine. Na ndoana iliyovunjika isitupwe ufukweni, bali itiwe katika kopo lenye kifuniko. Kopo hilo halina gharama, na viongozi wa vijiji wanaweza kuliagiza kwa kila chombo kabla ya bamvua lijalo.