Rafu ya Kitabu Ipo, Kitanda cha Msomaji Hakuna

Kila kongamano la fasihi lina mzee wake wa kulalamika, na safari hii mzee alilalamika kuhusu sisi. Vijana wa mikoani, alisema, wanaandika tasnifu za riwaya bila kugusa nyaraka hata moja. Wanapakua pidiefu tatu, wananukuu wachambuzi walewale, basi. "Kwani maktaba imehama?" akauliza. Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa safu ya nyuma na ningeonekana nisingecheka.

Sasa nipo nyumbani Nanyala, hakuna wa kunicheka, acha nijibu. Shikamoo mwalimu. Maktaba haijahama. Ipo palepale Mlimani, tena tangu mwishoni mwa 2018 lipo jengo jipya kubwa lililojengwa kwa msaada wa China, lenye uwezo wa kukaliwa na watu 2,100 kwa wakati mmoja na kubeba vitabu 800,000. Upo mkusanyo wa East Africana, wenye vitu ambavyo huvipati mtandaoni hata ukeshe. Viti vipo. Rafu zipo. Ninachouliza mimi ni hiki: saa za maktaba zikiisha, msomaji aliyetoka zaidi ya kilomita 800 analala wapi?

Nilihitaji wiki nane. Chuo ninakosoma kipo mkoani, utafiti wangu ni wa riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970, na orodha yangu ilikuwa na vitabu na majarida thelathini na mawili. Wiki nane zilitosha kabisa. Nilichotafuta ni chumba kimoja, karibu na chuo, kwa miezi miwili. Si unaona ni jambo dogo?

Dalali wa kwanza alinipokea Msewe. Hela ya kuonyeshwa, elfu kumi, nilipe kwanza. Chumba singo, choo cha nje, luku ya kuchangia, elfu themanini kwa mwezi. Nikasema nakichukua, miezi miwili. Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, hapa ni miezi sita. Na mwezi mmoja wa dalali." Nikaenda Changanyikeni, miezi sita. Makongo, mwaka. Sinza, miezi sita, na mama mwenye nyumba akataka kujua kwanza kama nimeolewa. Nikamwambia bado, mama. "Basi mwanangu wageni wa kiume sitaki." Nikamwambia mgeni wangu ni vitabu. Hakucheka.

Tupige hesabu, maana wapenzi wa fasihi tunapenda kuikimbia. Elfu themanini mara sita ni 480,000. Ongeza ya dalali, 560,000. Kwa mtu wa miezi miwili hicho si chumba cha elfu themanini tena, ni cha 280,000 kwa mwezi, na miezi minne iliyobaki unamlipia buibui. Gesti ya elfu ishirini na tano kwa usiku, siku hamsini na sita, ni 1,400,000. Hosteli binafsi zinataka mwaka mzima wa masomo. Na huyu mdogo wangu wa shahada ya kwanza anayekuja Dar kwa mafunzo ya vitendo, anayetegemea boom? Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Siku sitini, 600,000. Akishamlipa mwenye nyumba na dalali wake, amebaki na elfu arobaini ya kula miezi miwili. Mikopo tunahesabiwa kwa siku, vyumba tunauziwa kwa nusu mwaka, na katikati hapo ndipo tunapoambiwa hatusomi.

Mtasema nikae kwa ndugu. Nilikaa. Mjomba yupo Chanika, Mungu ambariki, sebuleni kwake tulilala watatu. Kwenda Mlimani ni magari mawili au matatu kulingana na bahati yako, na bahati yangu ilikuwa ya magari matatu. Nikifika saa tano nimeshachoka, saa tisa naanza kufikiria foleni. Halafu tunajua wenyewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kufua, kupika na kufundisha watoto hesabu. Sina kinyongo, ndivyo ndugu wanavyoishi. Lakini wiki ya tatu nilirudi nyumbani, nikiwa nimesoma vitabu ishirini na kimoja kati ya vile thelathini na viwili, vingine kwa kurukaruka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza hasa. Kila mwaka shule zinazotuzunguka hapa Mbozi hupokea walimu wa mazoezi, wakiwemo wanafunzi wa hukohuko Mlimani. Wanashuka barabara ya Tunduma na begi moja, hawajui mtu. Mwalimu mkuu anapiga simu mbili, jioni wana pa kulala. Mama yangu ana chumba cha uani; amewapokea mara nne. Wanakaa wiki zao, wanalipa wiki zao, wakiondoka wanapewa na mahindi. Hakuna aliyewahi kuambiwa miezi sita. Nenda mbele hadi Tunduma kwenyewe, mji wa malori: dereva anayesubiri kuvuka kwenda Zambia anapata kitanda cha usiku mmoja, cha wiki, cha mwezi, maana mji ule umeelewa kwamba riziki yake ni watu wanaopita. Dar ina vyuo vikuu kadhaa na inapokea wanafunzi wa kupita kila mwaka, lakini inawapangisha kama waliokuja kuzeeka.

Virginia Woolf mwaka 1929 alitaka mwanamke anayeandika awe na chumba chenye kufuli na pauni 500 kila mwaka. Tunamnukuu sana kwenye mijadala yetu. Mimi nilitaka miezi miwili, na kufuli ningenunua mwenyewe.

Tunawanukuu pia wakubwa wetu wa Mlimani, kana kwamba walitungwa na hewa ya kilimani. Kezilahabi alisoma pale, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto wa Kichwamaji ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ana mateso ya kila aina, ya roho na ya mwili, lakini sikumbuki akizungushwa na dalali. Kizazi kile kililala bwenini, kwa gharama ya serikali. Siwaonei wivu, nawaombea heri waliotangulia. Nakataa tu kulinganishwa na mtu aliyekuwa na kitanda.

Wenye nyumba nawaelewa kuliko mnavyodhani. Mpangaji wa mwezi mmoja akikwama kodi, kumtoa ni kesi. Na kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati la chumba kinachofuata. Nyumba nyingi za uswahilini zimepanda hivyo, chumba kwa chumba. Mama wa Sinza hana deni kwangu. Wenye deni ni wanaoandaa makongamano ya Kiswahili na kuwaweka wageni wa nje hotelini, kisha wanauliza kwa nini wa mikoani hawaonekani maktaba. Idara inayojivunia mkusanyo itenge vitanda kumi vya wasomaji wa kupita, walipie, hata kwa bei ya singo ya Msewe. Tutalipa. Na wewe msomaji wa hapa unayeishi Survey au Makongo, mwenye chumba cha uani kilichojaa magodoro ya zamani, unayenitumia ujumbe "makala nzuri sana dada": kipangishe kwa wiki nane. Chukua hela yako mkononi siku ya kwanza. Mimi ni mtulivu, sipiki dagaa usiku.

Mwezi wa saba walimu wa mazoezi wanakuja tena. Mama ameshapaka chokaa na amenituma Mlowo kununua kitasa kipya. Vitabu vyangu kumi na kimoja bado vipo kulekule, rafuni.