Mzazi Asiyejua Kiingereza Naye Ana Kazi

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, mzee mwenzangu alinikalisha barazani akaniuliza: "Maalim, mjukuu wangu Kiingereza hukisema kama maji. Mbona mtihani umemwangusha?"

Nikamjibu kuwa kusema ni jambo moja, na mtihani ni jingine. Kiingereza cha K.C.S.E. kina karatasi tatu, jumla alama 200. Ya kwanza, alama 60, ni maandishi ya kazi kama barua, kujaza mapengo, na hata matamshi. Nayo hujibiwa kwa kalamu, si kwa ulimi. Ya pili, alama 80, ni ufahamu, kipande cha kitabu teule, shairi au fasihi simulizi, na sarufi. Ya tatu, alama 60, ni insha tatu, na mbili katika hizo hutoka katika vitabu teule. Asiyevisoma hana la kuandika.

Wazazi wenzangu, tusijitoe kwa kusema, "Mimi sikusoma." Marehemu mama yangu hakujua kuandika jina lake, lakini kila Magharibi alinikalisha nidurusu ya chuoni, yeye akisikiliza. Nikisita, ajua.

Nasi tumtake mtoto atuhadithie kitabu chake kwa Kiswahili: nani kafanya nini, kwa nini, na ushahidi u wapi? Ushahidi huo ndio mtahini autakao. Akishindwa kuhadithia, bado hajasoma. Tumuulize tangu Kidato cha Tatu, tusingoje Novemba.