Shujaa Mwenye Kuficha Uso

Zorro, mpiga upanga mwenye kuficha uso, alitungwa na Johnston McCulley mwaka 1919, awe mtetezi wa wanyonge wa California. Katika filamu ya The Mask of Zorro (1998), akiwakimbia askari hujificha katika chumba cha maungamo. Binti Elena amdhania kuwa padre, akamwungamia. Shujaa hana budi kutoa mashauri, upanga u alani!

Katika vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, filamu za kigeni zimesimuliwa kwa Kiswahili, tena kwa mizaha zaidi, na watu kama DJ Afro. Wako wanung'unikao kwamba wasimulizi huziharibu. Lakini asiyejua Kiingereza hulipa kiingilio sawa na mwenziwe. Pasipo msimulizi angeona panga tu, asijue ni nani anayetetewa, wala asicheke pamoja na wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone.